Ua wetu unanasa swala, na jirani ametununia

*Shikamoo Shangazi,*

*Mimi na mume wangu tulinunua ekari tano upande wa Isinya, Kaunti ya Kajiado, kwa mkopo wa chama cha akiba. Tumejenga nyumba ndogo, tunafuga mbuzi na kuku, na tuna nusu ekari ya nyanya na sukuma wiki. Mwaka jana tulizungushia ardhi yote seng'enge, nyaya sita, wa juu ukifika kifuani. Tangu hapo swala watatu wamenaswa. Wa kwanza tulimkuta amekufa. Wa pili alijinasua, akaenda akichechemea. Wa tatu nilikuwa zamu ya usiku hospitalini Nairobi. Kijana wetu wa kazi alimkuta yu hai, akamchinja, na nyama ikaliwa kwetu na kwa majirani wawili. Niliporudi nilikuta mguu kwenye friji. Sikuula, lakini pia sikusema kitu.*

*Mzee wa Kimaasai tunayepakana naye, aliyetupokea vizuri tulipohamia, sasa hapiti kwetu. Alimwambia mume wangu kwamba tumefunga njia. Mume wangu anasema hati ni yetu, na anataka kuongeza umeme wa sola ili wanyama waogope kabisa. Mimi silali. Je, tung'oe ua wote? Au umeme ndio dawa?*

*N.W., Isinya*

Marahaba, mwanangu

Pole kwa kukosa usingizi. Nianze na la kukutuliza: kununua ardhi na kuiwekea ua si kosa. Mmejinyima, mmekopa, mmejenga. Mwenye nyanya hulinda nyanya zake, na mwenye mbuzi hawezi kulala akisikia fisi nyuma ya nyumba. Hamkufunga waya ili muue mnyama, na wewe umeandika kwa sababu jambo limekuuma. Wapo wengi kwenye tambarare hiyo wanaopita mzoga ukining'inia wakaendelea na safari yao.

Lakini nia njema haimnasui swala. Barua yako ina mambo matatu uliyoyafunga pamoja: waya, nyama na jirani. Ukijaribu kuyatatua yote kwa kununua betri na sola, hutatatua hata moja. Ngoja tuyafungue moja moja.

Kinachotokea pale kwenye waya

Swala pala hashindwi na ua wa kifuani. Mchana, akiwa ametulia na anauona, ataupima na kuuruka bila taabu. Hatari huja usiku, anapokimbizwa na mbwa au fisi, au anapowafuata wenzake kwa pupa. Anaruka, miguu ya mbele inavuka, ya nyuma inachelewa. Mguu mmoja unatumbukia kati ya waya wa juu kabisa na ule wa pili. Mwili unaangukia ng'ambo, uzito wake unazipindua zile nyaya mbili mpaka zinapishana, na mguu umeshikwa. Kila akijivuta, zinakaza. Ndiyo sababu wengi hukutwa wakining'inia kichwa chini, mguu mmoja juu.

Kila mnyama ana namna yake ya kuukabili ua. Swala tomi hapendi kuruka, hutafuta pa kupenya chini, na miiba ya waya wa chini humchana mgongo. Nyumbu na punda milia hufika kwa kundi, na wa nyuma wakisukuma, wa mbele hana pa kurudi. Twiga hujaribu kuvuka kwa kuinua mguu, na mguu ule mrefu ukishikwa, anguko lake huwa baya. Mtoto wa swala naye hubaki upande huu huku mama yake ameshatua upande wa pili.

Huko Marekani, katika majimbo ya Utah na Colorado, watafiti walitembea kando ya nyua za mashambani wakihesabu mizoga ya kulungu na jamaa zake, wakatoa matokeo mwaka 2006. Kwa wastani mnyama mmoja alinaswa na kufa kwa mwaka katika kila kilomita 4 za ua. Watoto walikuwa katika hatari ya kufa mara 8 kuliko wakubwa. Ua mbaya kuliko zote ulikuwa wa waya wa kufumwa wenye uzi mmoja wa seng'enge juu yake. Wewe umepata watatu kwenye ua usiofika hata kilomita moja. Hiyo ina maana ua wako umekaa mahali ambapo wanyama walikuwa wanapita tangu zamani.

Na yule wa pili aliyeondoka akichechemea, usijipe moyo sana juu yake. Mnyama wa porini akipigana na waya kwa saa nyingi huku roho iko juu, misuli yake huharibika kutoka ndani, na sumu ya uharibifu huo huenda kwenye figo na moyo. Anaweza kukimbia leo, akafa kesho kutwa mahali usipomwona. Wale unaowakuta wamenaswa si wote wanaokufa kwa sababu ya ua wako.

Kabla hujamwita fundi, fanya kazi moja asubuhi na mapema. Zunguka ua wote polepole, uangalie miiba. Utaona manyoya. Yakiwa kwenye waya wa chini, na udongo chini yake umekwanguliwa ukawa laini, hapo wanapenya. Yakiwa kwenye nyaya mbili za juu, au waya umelegea na msumari umetoka kwenye nguzo, hapo wanaruka. Funga kitambaa kwenye kila sehemu kama hiyo. Ukimaliza mzunguko, utagundua kwamba matatizo yako hayako kwenye mita zote, yako sehemu chache tu, na huenda nyingi ziko upande mmoja.

Anachokiona mzee jirani

Mumeo anaona ekari tano. Mzee anaona tambarare nzima, na hapo ndipo mnapokosana.

Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117 tu. Imezungushiwa ua pande tatu, na upande wa kusini uliachwa wazi makusudi. Mvua zikinyesha, nyumbu na punda milia walikuwa wakivuka mto na kutawanyika kusini, Kitengela, Isinya na kwingineko kwenye nyanda za Athi na Kapiti, kula majani mafupi na kuzaa. Kiangazi kikikaza, walirudi kufuata maji. Zamani eneo hilo lilikuwa ranchi za jamii. Ranchi zikagawanywa, kila mtu akapata hati yake, wengi wakauza, na waliouziwa wakaweka waya. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu wa nyanda hizo walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Siku hizi wanahesabiwa kwa maelfu machache. Ua si sababu pekee. Kuna barabara, viwanda, nyumba, ukame na wawindaji haramu. Lakini ua ni mojawapo ya sababu kubwa, na ndiyo iliyo mikononi mwako.

Jambo hili si la Kajiado peke yake. Mwaka 2017 watafiti walichapisha uchambuzi wa picha za setilaiti za eneo la Mara kuanzia 1985, ukionyesha jinsi nyua zilivyoongezeka kwa kasi hasa baada ya 2010. Hakuna aliyepanga kuifunga Mara. Kila mtu alifunga kipande chake, na vipande vikakutana.

Sasa jiweke mahali pa mzee. Swala akikuta waya wako, haondoki duniani. Anageuka na kwenda kwa yule ambaye bado ameacha ardhi wazi. Majani ambayo yangeliwa kidogo kwako na kidogo kwake sasa yanaliwa kwake peke yake, na fisi anayewafuata swala anapita karibu na boma lake. Ng'ombe wake nao huenda wanazunguka mbali zaidi kufika majini. Ukifunga, mzigo haupotei, unamwangukia asiyefunga. Na akichoka kuubeba, naye atanunua waya.

Tena, kwa watu wa huko ardhi iliyo wazi iliwahi kuwa kipato. Kuanzia mwaka 2000 palikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke ua, wasiuze, wasichimbe mawe. Kwa ekari zako tano hizo ni dola 20, hazinunui hata nguzo za kutosha. Kwa mwenye ekari mia ni dola 400, na fedha hizo zilisomesha watoto. Kwa hiyo mzee anapokuambia umefunga njia, usidhani anakuonea wivu wa nyanya. Anazungumzia majani, maji na karo.

Ule mguu kwenye friji

Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu nitasema kwa ukali kidogo.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inakataza kuwinda hata kwa kitoweo cha nyumbani. Askari wakikukuta na nyama ya swala hawataanza kwa kuuliza nani alishika kisu. Friji ni yako, nyumba ni yako, na kijana ni mfanyakazi wako. Kesi ya namna hiyo humharibia mtu ajira ya hospitali kabla hata hukumu haijatoka.

Usisubiri askari aje kuuliza. Kama bado kuna kipande, kisiliwe, kisiuzwe, wala kisigawiwe kwa mtu mwingine, hata mbwa. Mtafute wakili, ueleze mambo yalivyokuwa, na uende naye kutoa taarifa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kwamba ua wenu unanasa wanyama na kwamba mmoja alichinjwa. Mtu anayekwenda mwenyewe husikilizwa tofauti na anayefuatwa.

Kuna jambo la afya pia, na wewe mhudumu wa hospitali unalijua. Nyama isiyokaguliwa inaweza kuwa na kimeta, na kimeta hupita kwenye mikono ya anayechuna kabla hakijafika mdomoni. Waulize kijana na majirani wale kama kuna mwenye kidonda cheusi mkononi, homa au tumbo baya, na akiwepo aende hospitali leo, aseme alishika nyama ya nini.

Kinachonitia hofu kuliko kesi na kuliko kimeta ni hiki: kijana ameshaonja. Amejifunza kwamba waya huleta nyama. Kesho hatauripoti waya uliolegea. Kesho kutwa ataulegeza mwenyewe, au atakata kipande cha seng'enge yenu akitegee pale swala wanapopenyea. Siku mtu wa nyumbani kwako atakapofurahi kusikia waya umenasa, ua huo umeshageuka mtego, na mwenye mtego ni wewe. Kukaa kwako kimya ndiko kulikompa ruhusa. Usimfukuze, kwa maana hakuna aliyemwambia kabla. Mkalishe chini, mbele ya mumeo, umwambie: hapa mnyama akinaswa tunapiga simu, hatuchinji. Mpe kazi ya kuuzunguka ua kila asubuhi, na umwambie kwamba ukiona kitanzi cha waya, hamtakuwa na mazungumzo ya pili.

Njia tatu, na gharama ya kila moja

*Kuongeza umeme.* Ua wa umeme una mahali pake. Ule wa Aberdare, wa karibu kilomita 400, ulijengwa kuanzia 1989 ukakamilika 2009, na umewasaidia wakulima na msitu kwa pamoja. Lakini pale kuna msitu upande mmoja na mashamba upande wa pili, tena wapo wafanyakazi wa kuutunza. Wewe uko katikati ya njia. Swala aliyeko hewani hapati onyo la umeme, kwa sababu miguu yake haijagusa ardhi. Atakapopigwa ni baada ya kunaswa, na atapigwa tena na tena. Waya wa umeme ukiwa karibu na ardhi humuua kobe na kakakuona, maana wakishtuka hawakimbii, hujikunja papo hapo huku wameugusa. Halafu kuna betri ya kubadilisha na majani ya kufyeka kila mvua. Mumeo atalipa zaidi ili apate mizoga zaidi na jirani mwenye hasira zaidi. Njia hii, kwa ardhi yote, siiungi mkono.

*Kung'oa kila kitu.* Swala watapita, na nyanya zako pia zitapita nao. Ukishapata hasara ya msimu mmoja, utarudi dukani kununua waya kwa hasira, na ua wa hasira huwa mrefu zaidi. Huu ni ukarimu usiodumu.

*Kupunguza na kurekebisha.* Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Kanuni ni moja: zungushia kile usichoweza kukipoteza, na ukiache wazi kile ambacho ni chako hata bila waya. Usichoweza kukipoteza ni nyumba, bustani na mbuzi usiku. Ekari nyingine nne ni majani.

Mumeo mpe hesabu, wanaume wengi hulainika kwa hesabu. Ekari tano zenye umbo la mraba zina mzunguko wa mita 570 hivi. Kwa nyaya sita, huo ni waya wa karibu mita 3,400. Mkikusanya nyumba, bustani na boma ndani ya ekari moja, mzunguko unashuka hadi mita 255 hivi. Zaidi ya nusu ya waya inabaki mikononi, na nguzo pia. Hiyo ndiyo itakayojenga boma imara bila kukopa tena.

Najua atauliza kuhusu wanyakuzi. Woga huo una sababu, Kajiado imeona mengi. Lakini mnyakuzi hazuiwi na seng'enge, ana koleo. Mpaka wenu unalindwa na hati, na bikoni, na jirani atakayesema mbele ya chifu kwamba hapa ni kwa nani. Acheni nguzo za mpakani zisimame bila waya, mzipake chokaa zionekane. Zitatangaza mpaka na hazitashika mguu wa mtu.

Ukirekebisha, rekebisha hivi

Pale ambapo lazima waya wa nje ubaki, vipimo vinavyotumiwa na wafugaji wa Marekani kwa ajili ya kulungu ni kianzio kizuri. Waya wa juu usizidi mita moja na sentimita 5 kutoka ardhini. Kati ya waya wa juu na wa pili acha sentimita 30, ili mguu ukitumbukia usibanwe. Waya wa chini uwe juu ya ardhi kwa sentimita 40 hadi 45, swala tomi na watoto wapenye. Waya wa juu na wa chini uwe laini, usio na miiba. Kaza nyaya zote, kwa maana uliolegea ndio unaopinda na kushika. Swala wetu si kulungu wao, kwa hiyo baada ya mwezi rudi ukasome manyoya tena, upandishe au ushushe.

Kisha ufanye ua uonekane. Kata vipande vya madumu meupe ya plastiki, uvining'inize kwenye waya wa juu kila baada ya hatua moja au mbili. Kinachoonekana kinakwepwa. Msimu wa mvua, wanyama wanapohama, fungua malango ya pande mbili au shusha waya wa juu pale ulipofunga vile vitambaa.

Kwa mbuzi, fanya kinyume: boma dogo, la juu, la waya wa wavu mzito, nguzo karibu karibu, na mlango ulio imara kama ukuta wake. Boma dogo linaonekana na mnyama hulizunguka. Kama simba na fisi ndio hofu, watu wa upande wenu wana dawa yao: Richard Turere, mtoto mchungaji aliyekulia Kitengela karibu na hifadhi, alibuni taa za kumwekamweka zinazomfanya simba adhani kuna mtu anatembea na tochi, na mwaka 2013 alizieleza kwenye jukwaa la TED akiwa na miaka 13. Taa chache za sola juu ya boma zitawafaa kuliko umeme kwenye mita 570. Na mnyama akichukua mbuzi pamoja na hayo yote, ripoti KWS. Sheria ya 2013 iliweka kamati za kaunti za kushughulikia fidia. Fidia huchelewa sana, kwa hiyo boma litangulie.

Akinaswa mwingine kabla hamjamaliza

Nambari ya simu ya kituo cha KWS kilicho karibu iandikwe ukutani leo, na ya naibu chifu chini yake. Mnyama akinaswa, fungeni mbwa, ondoeni watoto na watazamaji, nyamazeni. Kelele na simu za kupiga picha zinamuua haraka kuliko waya. Piga simu, useme ni mnyama gani, ameshikwa wapi, na anapumua vipi.

Nyumbu, punda milia, pofu, twiga au swala dume mwenye pembe, msimsogelee hata kidogo. Teke la twiga huua simba. Akiwa mdogo na afisa akikuelekeza kwenye simu umfungue, watu wawili wanatosha. Mmoja anamfunika kichwa na macho kwa blanketi au shuka nzito, maana gizani hutulia. Mwingine amevaa glavu, amesimama pembeni, anakata waya karibu na nguzo. Waya uliokazwa ukikatwa huruka na kuchapa, na macho hayana spea. Akishafunguka, rudini nyuma, mwacheni. Msimpe maji, msimpakate. Mtoto aliyebaki peke yake asiletwe nyumbani, mama yake huenda yuko karibu anasubiri mwondoke.

Mkimkuta amekufa, msimguse. Zuieni mbwa, toeni taarifa.

Na kila tukio liandikwe: tarehe, mnyama, sehemu ya ua, waya wa ngapi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kosa lisiloandikwa hurudiwa. Daftari hilo ndilo litakaloonyesha kama marekebisho yamefaa, na ndilo litakalowatetea mkiulizwa mlifanya nini.

Anza na watu, waya ufuate

Mumeo usimwendee na hukumu. Anatetea jasho lenu wote wawili. Mpitishe kwenye ua ule asubuhi, aone manyoya kwa macho yake, kisha umwekee ile hesabu ya mita. Usimwambie mzee yuko sahihi na yeye amekosea. Mwambie ua umekula fedha nyingi na haufanyi kazi mliyoutuma.

Halafu mwende kwa mzee mkiwa wawili, na sukari na majani ya chai, bila haraka ya kuondoka. Msianze na habari za waya. Muulizeni hali ya mifugo na mvua. Kisha mumwombe awaonyeshe wanyama walikuwa wakipita wapi, na ng'ombe wake walikuwa wakipita wapi. Mtu aliyeishi pale tangu utoto atakuonyesha kwa fimbo yake kile ambacho fundi wa ua hawezi kukujulisha kwa fedha. Mkimwuliza kabla ya kushusha waya, ua mpya utakuwa wake pia, na atakuwa jicho lenu mkiwa kazini Nairobi. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na ndugu zenu wako mbali. Mkishusha waya bila kumwuliza, mnaweza kufungua upande usio na njia, mkapoteza nyanya na msipate shukrani.

Kwa hiyo, N.W., mpangilio ni huu na usiugeuze. Leo zungumza na kijana, na lile jambo la nyama ya friji lishughulikiwe kwa njia niliyokueleza. Kesho ongea na mumeo. Jumamosi nendeni kwa mzee. Koleo lishikwe baada ya hapo, na mvua za masika zisiwakute mkiwa bado mnajadiliana, kwa sababu swala hawatawasubiri mkubaliane.

Wako,
Shangazi